Mtoto Huhudumiwa Mpaka Umri Gani? Historia ya Uuguzi wa Watoto Miteremkoni mwa Kilimanjaro

Zamani, mwanamke wa Kichagga aliyejifungua hakurudi shambani wiki ile wala mwezi ule. Alikaa ndani miezi mitatu. Aliletewa mtori wa ndizi na nyama, maziwa, na mlaso wa damu ya ng'ombe, na hakutakiwa kufanya kazi nyingine zaidi ya kunyonyesha na kurudisha nguvu. Charles Dundas, ofisa wa serikali ya Kiingereza aliyefanya kazi Moshi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1924 jinsi miezi hiyo ilivyokwisha. Mama alinyolewa kichwa, akavikwa taji la shanga na vazi la ngozi, akashika fimbo kama ya wazee, kisha akaongozwa polepole kwenda sokoni. Njiani aliimbiwa nyimbo walizoimbiwa mashujaa waliorudi kutoka vitani.

Basi kabla hata sindano ya kwanza haijafika mlimani, palikuwa na utaratibu kamili wa kumuuguza mtoto mchanga na mama yake. Muda wake ulijulikana, chakula chake kilijulikana, na wa kuwajibika walijulikana: mama mkwe, wifi, mume aliyetakiwa kutafuta mnyama wa kuchinja. Wauguzi wa leo wanaohangaika kumshawishi mama apumzike baada ya kujifungua wangeutamani utaratibu huo. Lakini ulikuwa na kikomo. Siku mama alipotoka kwenda sokoni, ulinzi ule wa kijamii ulianza kulegea, na mtoto akaingia katika maisha ya kawaida ya kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo, pamoja na hatari zake zote.

Tangu hapo, kila kizazi cha watu waliotunza watoto katika miteremko hii kimekutana na swali lile lile kwa sura mpya. Uangalizi unafika umri gani? Na mtoto akiupita umri huo, anakuwa wa nani?

Bomang'ombe ni mahali pazuri pa kuliulizia swali hilo. Mji huu, makao makuu ya Wilaya ya Hai, uko kwenye barabara kuu ya Moshi kwenda Arusha, kama kilomita 25 magharibi ya Moshi, pale inapochepuka barabara ya kwenda Sanya Juu. Juu yake kuna Machame na Masama, nchi ya migomba, kahawa, mifereji na mvua. Chini yake kuna tambarare kavu inayoelekea Rundugai na uwanja wa ndege wa KIA, nchi ya mahindi, alizeti na mifugo ya Wamasai. Mtoto wa juu na mtoto wa chini hawaugui sawasawa. Katika hospitali ya wilaya pale Bomang'ombe, wanakaa benchi moja.

Kuhusu mtoto aliyekwisha kutoka miezi mitatu, shahidi bora wa zama za kale ni Otto Raum. Alikuwa mtoto wa mmisionari wa Kijerumani, akafundisha walimu Marangu, na mwaka 1940 alichapisha kitabu kizima juu ya utoto wa Kichagga, kuanzia kuzaliwa mpaka jando. Ameandika kwa makini michezo ya watoto, kazi zao, adhabu zao, na jinsi walivyofundishana wao kwa wao. Ukikisoma kwa jicho la muuguzi, jambo moja linaonekana wazi: baada ya kuachishwa ziwa, mlezi wa mtoto alikuwa mtoto mwenzake. Dada wa miaka saba au minane alimbeba mdogo wake mgongoni kutwa, akamlisha ndizi zilizopondwa, akambembeleza. Mama alikuwa amekwenda tambarare kukata majani ya ng'ombe, au kulima mahindi katika mashamba ya chini, kisha apande tena mlima na mzigo kichwani.

Mtoto alipougua, palikuwa na bibi mwenye kujua mizizi na majani, na palikuwa na fundi wa kukata kimeo, kazi ambayo haijaisha hadi leo na ambayo imewaletea watoto wengi kuvuja damu na maambukizi. Kijana alipokaribia utu uzima, jamii ilimshika tena kwa nguvu. Wavulana walipitia jando na mafundisho ya ngasi, na wasichana walikuwa na mafundisho yao ya kike. Hapo walielezwa mwili, ndoa, uzazi na wajibu. Kwa hiyo mwanzo wa maisha ulikuwa na ulinzi, na mwisho wa utoto ulikuwa na mafundisho. Katikati, mtoto alitegemea bahati na dada yake.

Wamisionari walikuta hali hiyo. Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua kituo Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, na Walutheri wa Leipzig wakafika Machame mwaka 1893. Vituo vyote viwili baadaye vilikuja kuwa hospitali, na vyote vilianza kwa kuosha vidonda na kugawa dawa barazani. Huduma hiyo haikwenda moja kwa moja. Mwaka 1920 serikali ya Kiingereza iliwaondoa Wajerumani wa Leipzig, Wamarekani wa Kilutheri wakaja kushika nafasi, Wajerumani wakarudi katikati ya muongo huo, kisha vita vya 1939 vikawaondoa tena. Kila mara swali lilikuwa nani amebaki.

Jibu la kudumu lilikuwa wenyeji. Mwaka 1931 lilizaliwa shirika la Masista wa Mama Yetu wa Kilimanjaro, na wasichana wa mlimani wakaanza kujitoa kwa kazi za kanisa, uuguzi ukiwa mmojawapo. Leo Machame, Kibosho na Huruma kule Rombo zote zina hospitali za kanisa zenye vyuo vya uuguzi. Ni jambo la kujivunia kwamba mkoa mmoja, wenye mlima mmoja, umefundisha wauguzi wengi kiasi hicho, ambao utawakuta katika wodi za Dar es Salaam, Dodoma na mbali zaidi.

Serikali nayo iliacha alama yake. Mwaka 1926 ilifunguliwa sanatoria ya kifua kikuu Kibong'oto, kwenye barabara hiyo hiyo inayotoka Bomang'ombe kupanda Sanya Juu, eneo ambalo sasa ni Wilaya ya Siha. Wakati huo kifua kikuu hakikuwa na dawa. Tiba ilikuwa hewa ya mlimani, chakula kizuri, kitanda, na muuguzi mwenye subira. Watoto waliambukizwa nyumbani, kwenye nyumba zenye moshi ambamo babu mwenye kikohozi alilala chumba kimoja na wajukuu. Chanjo ya BCG, anayochomwa mtoto begani siku za mwanzo za maisha yake, ilikuja kuwapunguzia watoto wadogo aina za kifua kikuu zinazoua haraka, hasa ile inayoshika ubongo. Kibong'oto haikufungwa, imekuwa hospitali ya taifa ya magonjwa ya kuambukiza, na ndiyo iliyoongoza matibabu ya kifua kikuu sugu nchini.

Machi 1971 ilifunguliwa hospitali ya KCMC mjini Moshi. Wazo lake lilikuwa la makanisa yaliyoungana katika Wakfu wa Msamaria Mwema, na mmoja wa waliolisukuma kwa miaka mingi alikuwa Askofu Stefano Moshi wa Kanisa la Kilutheri. Kwa mara ya kwanza kaskazini ya Tanzania ilikuwa na hospitali kubwa ya rufaa, yenye wodi ya watoto inayopokea wagonjwa kutoka Rombo mpaka Karatu.

Hapa inafaa kutazama upande wa pili wa dunia. Hospitali ya watoto ya Great Ormond Street ya London ilifunguliwa mwaka 1852 na ikawa kielelezo cha uuguzi wa watoto kwa nchi nyingi. Lakini kwa miaka mia moja hospitali za Uingereza ziliwazuia wazazi. Mtoto wa miaka miwili alilazwa peke yake, mama akaruhusiwa kumtazama kwa saa chache, pengine mara moja kwa wiki, kwa madai kwamba machozi ya kuagana yanavuruga wodi. Ilihitajika filamu ya James Robertson ya mwaka 1952, iliyoonyesha huzuni ya mtoto mmoja hospitalini, na ripoti ya kamati ya Platt ya 1959, ndipo serikali ya Uingereza ishauri kwamba wazazi wafunguliwe milango. Wodi za Tanzania hazikuhitaji kamati. Mtoto hulazwa na mama yake. Mama hulala naye kitandani au chini kando ya kitanda, humlisha, humwogesha, na humwita nesi dripu inapokwisha. Sababu moja ilikuwa uhaba wa wauguzi, hilo ni kweli. Lakini matokeo yake ni kwamba muuguzi wa watoto wa hapa alijifunza mapema kwamba mgonjwa wake ni watu wawili.

Somo hilo lilihitajika sana mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa sababu wodi ya KCMC ilikuwa inapokea watoto wa aina ambayo mkoa haukutaka kuamini kuwa unao. Miguu imevimba, nywele zimepauka na kuwa nyekundu, ngozi inabambuka, na mtoto hataki kucheza wala kutazamwa. Huo ulikuwa unyafuzi. Kilimanjaro ulikuwa mkoa wa kahawa, wa chama cha ushirika cha KNCU kilichoanza miaka ya 1930, wa shule nyingi kuliko karibu mkoa mwingine wowote. Watoto wenye utapiamlo mkali walitoka wapi?

KCMC ilifungua kitengo cha kurekebisha lishe, kilichojulikana kwa jina la NURU. Mfano wake ulikuwa karibu: Kampala, hospitali ya Mulago ilikuwa na kitengo cha Mwanamugimu tangu katikati ya miaka ya 1960, ambako mama alilazwa pamoja na mtoto, akapika mwenyewe, akaona kwa macho yake mtoto anavyofufuka kwa chakula cha kawaida. Kazi ya muuguzi katika kitengo kama hicho ni ya polepole kuliko zote hospitalini. Mtoto wa unyafuzi huuawa na haraka. Ukimpa chakula kingi siku ya kwanza moyo wake unashindwa. Ukimwacha bila blanketi usiku joto la mwili linashuka naye anafariki alfajiri. Lazima alishwe kidogo kidogo kila baada ya saa mbili au tatu, mchana na usiku, kwa kikombe na kijiko, apimwe, na muuguzi asubiri kwa hamu jambo moja ambalo kila muuguzi wa watoto analijua: siku mtoto atakapotabasamu.

Kisha yakaja maswali ya nje ya wodi. Mwaka 1975 Marja-Liisa Swantz, Ulla-Stina Henricson na Mary Zalla walitoa utafiti juu ya sababu za kijamii na kiuchumi za utapiamlo katika Wilaya ya Moshi, ambayo wakati ule ilikuwa pana kuliko sasa. Walichokikuta kiliudhi watu wengi. Chakula kilikuwepo mkoani, hakikumfikia mtoto. Familia zilizokuwa taabani ni zile ambazo kihamba kimegawanywa mpaka kimebaki kipande, mume ameondoka au analewa, fedha ya kahawa inaingia mfukoni mwa baba mara moja au mbili kwa mwaka, na mama anabeba mzigo wote wa kulima, kukata majani na kufanya vibarua. Mtoto aliyeachishwa ziwa alibaki na dada yake na sahani ya ndizi. Ndizi ni chakula kizuri, lakini ina maji na wanga mwingi na protini kidogo, na tumbo la mtoto wa mwaka mmoja na nusu ni dogo. Anashiba kabla hajapata alichohitaji. Maharage, maziwa, karanga au dagaa kidogo katika chungu kile kile vingebadilisha kila kitu.

Utafiti huo unastahili kukumbukwa kuliko unavyokumbukwa. Uliwaondolea akina mama lawama ya ujinga waliyokuwa wakibebeshwa kliniki baada ya kliniki, na ukaonyesha kwamba pengo la kale, lile la katikati ya utoto, lilikuwa halijazibwa na hospitali wala na kahawa.

Serikali ilijaribu kuliziba kwa mizani na kadi. Mwaka 1974 Tanzania ilianza mpango wa taifa wa afya ya mama na mtoto, na mwaka uliofuata mpango wa chanjo. Wasichana waliomaliza shule ya msingi walifundishwa kwa miezi 18 na kurudishwa kwenye zahanati za vijijini kama wasaidizi wa afya ya mama na mtoto. Kwa akina mama wengi huyo ndiye aliyekuwa nesi, na wengi hawakuwahi kumjua mwingine. Alipima ujauzito, alizalisha, alichanja, na mara moja kwa mwezi alitundika mizani mtini au kwenye boriti ya kanisa.

Kadi ya kliniki aliyoijaza inatokana na kazi ya daktari Mwingereza, David Morley, aliyechora chati ya ukuaji akiwa kijiji cha Imesi, Nigeria, ili mama asiyejua kusoma aweze kuona mwenyewe mstari wa mtoto wake unapanda, umelala au unashuka. Kadi ya Tanzania ilikuwa na rangi: kijani, kijivu, nyekundu. Mpaka leo mwanamke wa Hai aliyelea miaka ya 1980 anaweza kukuambia mtoto wake yupi aliingia kijivu, na mwezi gani, na alikuwa anaumwa nini. Watoto walivuliwa nguo, wakavishwa ile chupi ya mizani, wakaning'inizwa wakipiga kelele, na nesi akasoma mshale. Kadi ilihifadhiwa kwenye mfuko wa plastiki pamoja na cheti cha ubatizo.

Siku hiyo ya kliniki ndipo wauguzi walipobishana pia na imani zilizoua watoto. Katika miaka ya 1980 ilienea Tanzania hofu ya "meno ya nailoni": mtoto mwenye homa na kuharisha alidhaniwa ana meno mabaya yaliyojificha, akapelekwa kwa mtu aliyechimba ufizi kwa chuma ili ayatoe. Kilichotolewa ni vichipukizi vya meno ya kawaida, na mtoto aliyekuwa na malaria au upungufu wa maji mwilini akaongezewa kidonda na damu kumwagika. Hakuna sheria iliyoizima hofu hiyo. Ilipungua kwa maneno ya wauguzi, mama kwa mama, kliniki kwa kliniki.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1990 mafunzo yalibadilika tena. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kupokea utaratibu wa kumtazama mtoto mgonjwa kwa ujumla badala ya kutibu lalamiko moja. Muuguzi wa zahanati sasa anaanza na dalili za hatari: je, mtoto anaweza kunywa au kunyonya? Anatapika kila kitu? Amepata degedege? Amelegea? Kisha anahesabu pumzi kwa dakika nzima. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 12, pumzi 50 au zaidi ni dalili ya nimonia. Kwa mwenye mwaka 1 hadi 5, ni 40. Hakuna mashine inayohitajika, ila saa na utulivu, na wodi za mkoa huu zimeokoa watoto wengi kwa sababu mtu fulani huko zahanati alihesabu.

Matokeo yanaonekana katika takwimu. Mwaka 1992 mradi wa kuchunguza magonjwa na vifo vya watu wazima ulianza kazi katika Wilaya ya Hai, Morogoro Vijijini na sehemu za Dar es Salaam. Wahoji walipita nyumba kwa nyumba, wakaandika kila aliyefariki na kuwauliza ndugu dalili alizokuwa nazo. Ingawa lengo lilikuwa watu wazima, hesabu ziligusa watoto pia, na zilionyesha kwamba mtoto wa Hai alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuishi kuliko mtoto wa Morogoro Vijijini. Kitaifa, vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 vilikuwa 147 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai katika utafiti wa 1999. Katika utafiti wa 2022 vilikuwa 43. Nyuma ya tarakimu hizo kuna chandarua, chanjo, na maelfu ya wanawake waliovaa sare nyeupe.

Lakini kadi ile ilikuwa na mstari wa mwisho, nao ulikuwa miaka mitano. Mwaka 1993 hospitali za serikali zilipoanza kutoza ada, watoto wa chini ya miaka 5 walisamehewa. Ulikuwa uamuzi wa busara kwa wadogo. Kwa mtoto wa miaka sita ilimaanisha kwamba mama yake sasa anatafuta fedha kabla ya kutafuta daktari.

Na katika tambarare ya chini ya Bomang'ombe, kuna ugonjwa ambao huonyesha sura yake hasa baada ya umri huo. Miamba ya volkano ya Kilimanjaro na Meru hutoa maji yenye floraidi nyingi, na chemchemi na visima vya huko chini vimebeba madini hayo kuliko mito ya mlimani. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miongo mingi ilivumilia kiwango kikubwa zaidi, kwa kuwa vijiji vingi havikuwa na maji mengine. Mtoto mchanga anayekunywa maji hayo haonekani mgonjwa. Anapimwa, uzito unapanda, nesi anafurahi. Meno ya utu uzima yanapoota akiwa na miaka sita au saba, yanatoka na madoa ya kahawia. Kwa wengine mifupa ya miguu inapinda, na mtoto aliyekuwa anakimbia anaanza kutembea kwa shida.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 juu ya kusini-magharibi ya Hai uliwaangalia watoto wa aina hiyo, ukachunguza maji ya kunywa na pia magadi, ambayo huwekwa kwenye sufuria ili maharage na makande yaive haraka. Kuni ni za shida tambarare, na magadi huokoa kuni. Huwezi kumlaumu mama kwa hilo. Jambo linalouma ni kwamba mtoto mwenye miguu iliyopinda hakuwa na kliniki inayomngoja. Hakuwa tena wa kadi, na alikuwa bado mdogo kwa wodi ya watu wazima. Mara nyingi aliitwa mwenye matege na kuachwa.

Dawa kubwa ya ugonjwa huo haikutoka hospitalini. Ilitoka kwenye bomba. Kwa msaada wa Ujerumani, Hai ilijengewa miradi ya maji inayoteremsha maji ya mlimani hadi chini, ukiwemo wa Uroki–Bomang'ombe na ule wa Losaa–KIA, ambayo iliwekwa chini ya bodi za watumiaji wenyewe. Muuguzi wa Bomang'ombe anayewauliza wazazi maji yao yanatoka wapi, bomba au kisima, anafanya uuguzi wa mifupa miaka kumi kabla ya mfupa kupinda.

Ukimwi ndio uliolazimisha hospitali kumtazama kijana. Mwaka 1990 wanawake wa Moshi walianzisha KIWAKKUKI, Kikundi cha Wanawake Kilimanjaro Kupambana na Ukimwi, wakati ambapo familia nyingi zilikuwa zinazika kimya kimya. Walitembelea wagonjwa majumbani, wakawafuata yatima, wakalipa ada za shule, wakasema hadharani mambo ambayo mkoa ulikuwa unayanong'ona. Mwaka 2000 KCMC ilikuwa miongoni mwa hospitali za kwanza nchini kujaribu dawa za kuzuia mama asimwambukize mtoto, na kuanzia 2004 dawa za kupunguza makali ya virusi zikaanza kutolewa bure.

Watoto ambao wangekufa kabla ya miaka mitano walianza kuishi. Wakawa na miaka kumi, kumi na mbili, kumi na sita. Wauguzi wa kliniki ya watoto ya KCMC wakakutana na maswali ambayo hakuna aliyekuwa amewafundisha. Nani amwambie mtoto kwa nini anameza vidonge kila siku, na aambiwe akiwa na umri gani? Msichana wa shule ya bweni atavificha wapi vidonge vyake? Mvulana aliyelelewa na bibi, ambaye hajawahi kuambiwa wazazi wake walikufa kwa nini, atamuuliza nani? Kutokana na maswali hayo, katika miaka ya 2010 ilianzishwa Moshi programu ya Sauti ya Vijana, kwa ushirikiano wa KCMC na watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani. Vijana wanaoishi na virusi hukutana kwa vikao vya makundi vinavyoongozwa na vijana wenzao waliofunzwa, na kuzungumza juu ya huzuni, unyanyapaa, mapenzi, na namna ya kuwaambia wengine hali zao. Tangu mafundisho ya ngasi yafifie, hapakuwa tena na mahali rasmi pa kijana wa mlima huu kukaa na wakubwa kidogo kuliko yeye na kuelezwa ukweli wa mwili wake.

Sheria nayo ikapanua kipimo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu yeyote aliye chini ya miaka 18. Hospitali hazikubadilika siku hiyo, na bado ni kawaida kumkuta kijana wa miaka kumi na tano amelazwa kati ya wazee wenye kiharusi. Lakini sasa muuguzi ana hoja ya kuisimamia.

Hatua iliyofuata ilianzia tena Kilimanjaro. Mwaka 2014 mkoa huu ulichaguliwa kwa majaribio ya chanjo ya HPV, inayokinga saratani ya mlango wa kizazi, saratani inayoongoza kuua wanawake wa Tanzania. Safari hii haikuwa mama kumbeba mtoto kwenda kwa nesi. Nesi alibeba kisanduku cha baridi, akapanda kwenda shuleni, akawakuta wasichana darasani na walimu wao. Walipaswa kuelezwa kwa lugha ya umri wao, na wazazi walipaswa kutulizwa, kwa kuwa uvumi wa kufunga uzazi ulitangulia mbele ya gari la chanjo. Majaribio yalifaulu kiasi cha kuipeleka chanjo nchi nzima Aprili 2018, kwa wasichana wa miaka 14 na kwa dozi mbili. Mwaka 2024 utaratibu ulibadilishwa kuwa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, jambo lililorahisisha sana kazi ya zahanati zenye muuguzi mmoja.

Msichana wa Bomang'ombe aliyechanjwa kwenye majaribio yale ya 2014 sasa ni mwanamke, na huenda ameshampeleka mtoto wake mwenyewe kliniki. Kaka yake hakutembelewa na mtu. Ukiondoa dawa za minyoo na kichocho zinazogawiwa shuleni, mvulana wa miaka kumi na nne wa Hai, aliye mzima au anayejiona mzima, hana siku ya kliniki, hana kadi, na hana muuguzi anayemjua kwa jina. Wauguzi wa Machame, Kibosho na Bomang'ombe wanazo mbinu za kumfikia, kwa sababu wamekwisha kuzitumia kwa dada zake. Kinachohitajika ni mpango wa kuwatuma, na bajeti ya kuwalipa.